Damu haijashuka, lakini unaumwa kweli

«Munganga, jambo. Niko mwalimu wa darasa la tatu hapa Lubumbashi, nina miaka 28, na naishi na SS, ule ugonjwa wa damu wa kurithi, tangu utoto. Ukiniangalia huoni kitu: nimevaa vizuri, natembea, nacheka. Kumbe usiku sikulala kwa maumivu ya mapaja na mgongo. Mwezi wa sita nilikosa shule siku nne. Niliporudi, wenzangu wakasema, "Madamu ametoka likizo." Na lopitali nilikwenda. Walipima damu wakakuta 8, wakasema haijashuka kuliko kawaida yangu, picha ya mifupa nayo iko sawa, nirudi nyumbani. Tena tangu miezi mitatu nyonga ya kuume inaniuma hata siku ambazo sina krizi ya maumivu. Dada mmoja tunayesali naye anatumia hidroksiurea, ila watu wanasema ni dawa ya kansa na inafunga kizazi. Halafu kuna kijana anataka kuja kujitambulisha kwetu. Alipimwa Emmel, kile kipimo cha kutafuta S kwenye damu, ikatoka negatifu. Je, nimwambie? Na nitawaaminisha vipi watu kwamba ninaumwa, kama hata mashine hazioni?»

Jambo Mwalimu. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara zote nimekwama kwenye neno lile lile: «haijashuka». Umeniuliza habari za krizi, nyonga, dawa na mchumba, lakini swali zito umeliacha mwisho, kama mtu anayesema jambo lake akiwa tayari amesimama mlangoni. Nianzie hapo, kwa sababu waliokurudisha nyumbani siku ile walisoma kipimo sawasawa, wakakosea maana yake.

8, yaani gramu za hemoglobini katika kila desilita ya damu, ndiyo damu yako ya kila siku. Chembe nyekundu ya mtu asiye na SS huishi siku kama 120. Yako huishi kati ya siku 10 na 20, kisha inavunjika. Uboho wa mifupa yako unahangaika usiku na mchana kutengeneza nyingine, na bado hauwezi kufikia kiwango cha jirani yako. Mwili umeshazoea hali hiyo, moyo unapiga kwa nguvu zaidi ili kufidia, na ndiyo sababu unachoka haraka kuliko wenzako hata siku ambazo hakuna kinachouma. Ndiyo sababu pia macho yako huwa ya njano mara kwa mara: ni mabaki ya chembe zilizovunjika. Basi mtu akikupima wakati wa krizi akakuta 8, amejua kwamba hujapungukiwa damu upya. Ni vizuri kulijua hilo. Lakini kuhusu maumivu hajajua chochote.

Krizi ni kuziba. Chukua mfano wa bomba linaloleta maji kwenu, limeziba pale kwenye kona ya avenyu. Fundi anapanda kupima tangi huko juu, anakuta limejaa, anarudi kukuambia maji yapo. Ni kweli yapo. Ndoo yako ndiyo kavu.

Kinachoziba ni hivi. Ndani ya kila chembe nyekundu kuna hemoglobini, ndiyo inayobeba oksijeni. Yako inaitwa hemoglobini S, na tofauti yake na ya watu wengine ni ndogo ya kushangaza: katika mnyororo mmoja wa vipande zaidi ya 140, cha sita kimebadilishwa. Penye asidi ya glutamiki pamekaa valini. Ikiwa na oksijeni, hemoglobini hiyo haina shida. Ikishaishusha oksijeni kwenye misuli au mfupa, inaanza kushikana na zenzake, zinajipanga kama fito, na ile chembe iliyokuwa laini na ya duara inakakamaa na kupinda kama mundu. Ndiyo maana wenzetu wa Tanzania huuita ugonjwa huu selimundu. Chembe ya namna hiyo haipiti vizuri kwenye mishipa midogo. Inakwama, nyingine zinakwama nyuma yake, na sehemu ya mbele inakosa hewa. Ikiwa sehemu hiyo ni uboho ulio ndani ya mfupa, uvimbe unaofuata hauna pa kutanukia, maana mfupa hautanuki kama ngozi. Shinikizo hilo ndilo lililokunyima usingizi.

Na picha ya mifupa inaona nini? Inaona madini ya mfupa. Kukosa oksijeni haikuoni. Kama mfupa utaharibika, alama zake zitaonekana wiki au miezi baadaye, na mara nyingi hazitaonekana kabisa kwa sababu krizi itakuwa imepita. Kwa hiyo, Mwalimu, nikuambie wazi: hakuna mashine inayopima maumivu ya SS, hapa Lubumbashi wala Ulaya. Kipimo tulicho nacho sisi madaktari ni mdomo wa mgonjwa. Tunauliza, «kutoka 0 mpaka 10, ni ngapi?» na tunatibu jibu tulilopewa. Daktari anayesubiri damu ishuke au picha iharibike ndipo aamini, anasubiri jambo ambalo pengine halitakuja.

Kuhusu kucheka kwako, niseme kidogo. Mtu aliyeanza kuumwa akiwa na miaka miwili hajifunzi kulia kama mtu aliyevunjika mguu jana. Nimeona wagonjwa wenye maumivu ya 7 wakijibu ujumbe kwenye simu, wakitaniana na nesi. Wala hawaigizi. Wameishi nayo muda mrefu hadi uso umeacha kuyatangaza. Tatizo ni kwamba anayekutazama anasoma uso, na siku yako njema inageuka kuwa ushahidi dhidi yako: «Jana si alikuwa anacheza kwenye ndoa?» Nawe, ili kuwafuta maneno, siku ukiamka vizuri unafanya kazi za siku tatu: unafua, unasahihisha madaftari yote, unazunguka soko. Kesho yake umelala. Naomba uache kulipa deni hilo. Siku njema fanya kazi ya siku moja.

Sasa nyonga. Hili nalitenga na krizi makusudi, na ndilo linalonitia wasiwasi zaidi katika barua yako. Krizi huja na kuondoka kwa siku kadhaa. Maumivu ya mahali pamoja kwa miezi mitatu, yanayozidi ukisimama, ukipanda ngazi au ukijigeuza kitandani, yana habari nyingine. Kichwa cha mfupa wa paja, kile kinachokaa ndani ya nyonga, kinalishwa na mishipa michache sana. Ikizibwa mara nyingi, kichwa hicho huanza kufa polepole na mwishowe kinaweza kubonyea. Mwanzoni picha ya kawaida hutoka safi. IRM, ile picha ya mashine ya sumaku, ndiyo inayoona mapema. Kwa hiyo usikubali sentensi ya «picha iko sawa» ifunge mjadala. Rudi, mwambie daktari maneno haya haya: mahali pamoja, miezi mitatu, bila krizi. Aizungushe nyonga yako kwa mikono yake aone kama inakwenda sawa na ya kushoto. Kipimo hicho hakina bei na kinasema mengi.

Wakati unasubiri, fundisha ukiwa umekaa kila unapoweza, usibebe bidoni ya maji kichwani wala mkononi, na utafute fimbo. Fimbo hiyo ishike kwa mkono wa kushoto. Wengi huishika upande unaouma, na ni kosa: nyonga ya kuume inapumzika fimbo ikiwa upande wa pili, kwa sababu fimbo na mguu mgonjwa vinakanyaga pamoja. (Utaona pia jambo la kuchekesha, la kusikitisha pia: ukishika fimbo, wale wa «likizo» watakupisha mlangoni. Damu haiwashawishi, mti unawashawishi.)

Kwa nini mwezi wa sita? Baridi. Usiku wa mwezi wa sita na wa saba Lubumbashi hushuka chini ya digrii 10, nawe unaamka alfajiri, unaoga maji ya ndoo, unatoka. Mishipa ya ngozi inajibana kwa baridi, damu inapita polepole, chembe zinapata muda wa kupinda kabla hazijafika kwenye mapafu kuchukua oksijeni nyingine. Chemsha maji ya kuoga, vaa soksi na sweta hata kama watoto watacheka, usikae kwenye baraza penye upepo.

Na kuna sababu ya pili ambayo hukuiandika, lakini nimeisikia kwa walimu wengi wanawake hadi nitathubutu kukisia: shuleni hunywi maji, kwa sababu choo ni kibaya au kiko mbali. Figo za mtu mwenye SS hazijui kubana maji. Ndiyo maana unakojoa mara nyingi usiku, na mkojo wako ni mweupe hata siku ya jua. Unapoteza maji bila kujua, halafu unashinda kuanzia asubuhi mpaka saa saba bila kunywa, ukiongea mbele ya watoto hamsini. Damu inakuwa nzito. Lenga lita tatu kwa siku, na chupa iwe juu ya meza yako darasani. Ruhusa ya choo kwa mkuu wa shule ni jambo la kwanza la kuomba, kabla ya huruma yoyote.

Hapo tumefika kwa wenzako. Nimewaona wagonjwa wakijichosha kuelezea chembe na mundu kwa kila mtu kwenye baraza la walimu, na jioni wote wakabaki na neno moja, «SS», wakaligeuza jina la utani. Kwa maoni yangu watu wanaohitaji kuamini ni wachache: mkuu wa shule, mwalimu mmoja wa jirani, mtu mmoja nyumbani. Tena usiwaambie unavyojisikia tu. Waambie la kufanya. Mkuu wa shule apewe cheti cha daktari mwanzoni mwa mwaka, ukiwa mzima, wala usingoje siku ya kukosa. Mwalimu wa jirani mwambie, «Nikikuambia leo niko 7, chukua watoto wangu saa moja ya mwisho, nami nitakushikia wako siku nyingine.» Namba hiyo ibaki kati yenu. Wengine baadhi hawataamini kamwe, na sina dawa yao.

Nyumbani, kama kuna anayesema ni laana au mkono wa mtu, mkumbushe hesabu: baba yako na mama yako kila mmoja alikupa S moja. Wao ni AS, yaani kila mmoja ana A moja ya kawaida na S moja, wazima, na katika Kongo watu wa namna hiyo ni wengi sana, maana AS humkinga mtoto kiasi dhidi ya malaria kali, na kwa karne nyingi kinga hiyo ndiyo imeifanya S isipotee kwetu. Lakini kinga ni ya AS. Wewe mwenye SS malaria ni hatari kwako kuliko kwa mtu mwingine, kwa hiyo chandarua kila usiku. Na mtu akikuletea sirapu ya chuma «iongeze damu», mshukuru uiweke. Chembe zako zikivunjika chuma hubaki mwilini, na aliyewahi kuongezwa damu mara nyingi anaweza kuwa nacho kupita kiasi. Chuma hunywewa baada ya kipimo kuonyesha kimepungua. Unachohitaji kila siku ni asidi ya foliki. Matembele na lengalenga na bukari yako kula kwa raha, ila kidonge usikiache.

Hidroksiurea. Wanaosema ni dawa ya kansa hawasemi uongo. Ilianza huko, na bado inatumika kwa kansa fulani za damu. Lakini kwa SS inafanya kazi nyingine, kwa dozi inayopangwa kwa uzito wako: inaamsha hemoglobini ya mtoto mchanga, ile uliyokuwa nayo tumboni mwa mama yako, ambayo haijipangi fito na inazuia S kushikana. Ndiyo maana watoto wenye SS huwa hawaugui miezi ya kwanza, bado wanaitumia. Marekani iliikubali kwa watu wazima wenye SS mwaka 1998. Kwetu Afrika shaka ilikuwa kubwa: je, katikati ya malaria na utapiamlo haitawadhuru watoto? Utafiti mmoja ulijibu swali hilo katika miji minne, Kinshasa ukiwa mmojawapo, pamoja na Luanda, Kilifi na Mbale. Watoto 606 walianzishiwa dawa, matokeo yakatoka mwaka 2019: krizi zilipungua, kuongezwa damu kulipungua, vifo vilipungua, hata malaria ilipungua.

Sasa upande wa pili wa mizani. Dawa hii ni ya kila siku, kwa miaka, na faida yake huanza kuonekana baada ya miezi kadhaa. Anayeinywa siku za maumivu tu anapoteza pesa. Inaweza kushusha chembe nyeupe, kwa hiyo damu hupimwa mara kwa mara, hasa miezi ya kwanza. Kama hakuna fedha za kipimo, ninaogopa kumwandikia mtu. Kucha zinaweza kuwa nyeusi. Kuhusu kizazi: kwa wanaume inaweza kupunguza mbegu, kwa wanawake haijathibitishwa kwamba inafunga uzazi. Linalotakiwa kwako ni kutoshika mimba ukiwa unaitumia, na kuiacha miezi mitatu hivi kabla ya kutafuta mtoto, kwa mpango wa daktari. Kwa mtu anayekosa kazi kwa krizi kama wewe, ningeizungumzia na daktari wako kwa moyo mweupe. Usinunue vidonge vya yule dada. Uzito wake si wako.

Na hapo ndipo kijana anapoingia. Mwambie, na umwambie kabla hajaja na wazee wake. Sisemi hivyo kama mtu anayetaka uungame dhambi. Ni kwa sababu karatasi aliyo nayo haitoshi, na hatajua umuhimu wa kupima tena mpaka ajue kwa nini. Kipimo cha Emmel kina jina la mtafiti aliyekieleza mwaka 1917: tone la damu linafungiwa kati ya vioo viwili hadi oksijeni iishe, kisha mtu anaangalia kama chembe zimepinda. Ni cha bei ndogo, ndiyo maana kiko kila maabara. Lakini kikiwa pozitifu hakitofautishi AS na SS, na kikiwa negatifu huenda aliyesoma alisoma mapema mno, au mpimwaji aliongezwa damu karibuni. Anachohitaji ni elektroforezi, kipimo kinachotenganisha aina za hemoglobini kwa umeme, ile njia iliyomwezesha mwanakemia Linus Pauling na wenzake mwaka 1949 kuonyesha kwamba hemoglobini yenu wenye SS si sawa na ya wengine.

Karatasi hiyo ikisema AA, watoto wenu wote watakuwa AS, wazima, na hakuna hata mmoja atakayekuwa SS. Watu wengi hawajui hilo; wanadhani mama mwenye SS lazima azae SS, na mabinti wamevunjiwa uchumba kwa ujinga huo. Ikisema AS, kila mimba ni nusu kwa nusu, wala si ile robo inayofundishwa, kwa sababu robo ni ya wazazi wawili AS. Na nusu haina kumbukumbu: mtoto wa kwanza akiwa SS haimlindi wa pili. Uamuzi baada ya hapo ni wenu wawili, na mimi sina la kuwachagulia. Nitaongeza tu kwamba ujauzito wako mwenyewe, hata akiwa AA, ni wa kufuatiliwa na daktari tangu mwezi wa kwanza, na kujifungulia mahali penye damu ya akiba.

Kuna siku ambazo usinywe maji na kungoja. Homa ya 38.5 au zaidi: wengu wako huenda ulishakufa zamani kwa kuzibwa, na bila wengu bakteria huenea kwa masaa. Maumivu ya kifua pamoja na kukosa pumzi. Mdomo kupinda, mkono kulegea, maneno kukorogeka, jicho kuacha kuona ghafla. Weupe wa ghafla wa viganja na ulimi, maana hapo ndipo damu inaweza kuwa imeshuka kweli. Na maumivu ambayo dawa zako za nyumbani hazijayatuliza. Nenda siku hiyo hiyo, hata usiku. Sindano za diklo (diklofenaki, ya kutuliza maumivu) za famasi, moja asubuhi moja jioni, zinakula figo ambazo tayari zimechoka, hizo ziache.

Wiki hii tafuta karatasi ngumu, uikunje uweke pamoja na kitambulisho chako. Andika: SS, kundi lako la damu, dawa unazotumia, dawa iliyowahi kukutuliza na ile iliyokudhuru, namba ya simu ya daktari anayekufuata. Juu kabisa, kwa mwandiko wako wa ubaoni ambao hata mtoto wa darasa la tatu anausoma, andika: «Damu yangu ya kila siku ni 8. Nimekuja kwa ajili ya maumivu.»